Boksi Namba 47

Binti yangu aliingia chini ya meza kutafuta kifutio, akakaa huko muda mrefu kuliko kifutio kinavyostahili. Kisha sauti ikatoka: "Baba, meza yetu imekuwa ya thelathini na moja kwenye nini?"

Nikapiga magoti nikachungulia. Upande wa chini wa ubao, karibu na ule mguu unaoyumba, kulikuwa na stika ya njano iliyojikunja pembeni, na namba 31 kwa kalamu ya wino mzito. Meza hii tumeipiga msasa, tumeipaka vanishi, tumeihamisha vyumba vitatu. Miaka minne, na hakuna aliyewahi kutazama chini yake.

"Kati ya ngapi?" akauliza. Kwake kila kitu ni mashindano.

Kati ya 64. Hilo sikuhitaji kulitafuta kichwani.

Siku tulipohama kule ughaibuni, wapakiaji walikuwa wanne, na mmoja wao hakunyanyua mzigo hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba nzima na bunda la stika, anabandika, anaandika: 1, kiti, 2, kiti, 3, kiti, mkwaruzo mguu wa nyuma. Kila kovu alilitia kwenye karatasi, tusije tukasema baadaye kwamba wao ndio waliokwaruza. Mke wangu alimpenda mtu yule papo hapo. "Mali bila daftari," akawa ananiambia kila akipishana nami mlangoni, wala hakuwa na haja ya kuimalizia methali yenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshakosana naye tangu asubuhi. Kwa ajili ya kioo kikubwa nilikuwa nimeunda kreti la mbao kwa mikono yangu, nimelipigilia misumari usiku kucha huku majirani wakigonga ukuta. Mtu wa stika akalizunguka mara mbili. Anatafuta muhuri, akasema. Muhuri gani? Wa shuke la ngano, wenye herufi HT. Ndivyo nilivyojifunza, nyundo ingali mkononi, kwamba mbao za kufungia mizigo inayovuka mipaka sharti ziwe zimetibiwa, na HT maana yake zimepashwa moto mpaka kiini chake kifike nyuzijoto 56 kwa dakika 30, ili wadudu wa misitu ya nchi moja wasihamie misitu ya nyingine. Meza haina shida, hiyo ni samani. Kreti langu ndilo lenye shida. Kioo kikafungwa blanketi na kilifika salama bila ufa, jambo ambalo bado linaniuma kidogo.

Na kabla ya kreti kulikuwa na midoli. Nilitaka itangulie kwa ndege, mtoto aikute. Midoli ya manyoya ina uzito gani? Kumbe ndege haiangalii mizani tu, inaangalia na nafasi: mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167, hata uijaze pamba. Midoli ikaenda baharini pamoja na sufuria. Kwa jumla tulikuwa na mita za ujazo 11, na kontena la futi 20 hubeba kama 33, kwa hiyo tukachangia na familia mbili tusizozijua, na mzigo wetu ukakaa ghalani mpaka na wao wamalize kupanga maisha yao.

Sasa droo ya jikoni. Kila nyumba ina droo hiyo, sihitaji kuieleza. Usiku wa mwisho niliitoa yote kama ilivyo, nikaipindua ndani ya boksi, nikazungusha utepe, na juu nikaandika kwa herufi kubwa: MENGINEYO. Mtu wa stika alipofika kwenye boksi hilo alisimama.

"Umelifunga mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Akataka tulifungue. Nikamwambia lori linasubiri, ni vitu vidogovidogo tu. Akaandika: 47, mengineyo, amefunga mwenye mali. Kisha akanisomea mambo mawili kwa sauti ya daktari asiyetaka kulaumiwa: kitakachovunjika humo bima haitalipa, na watu wa forodha hawalipendi neno hilo. La bima lilinikera, maana niliikata kwa woga na niliona woga wangu unastahili kulipwa. Ile meli ya Ever Given ilikuwa imekwama kwenye Mfereji wa Suez siku sita mwezi Machi 2021, na baadaye wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana ya kuchangia gharama za kuinasua, hata wale ambao vitu vyao havikupata mkwaruzo. Ni kanuni ya zamani ya baharini: hasara ya chombo ni ya wote waliomo. Mimi na midoli yangu tungekuwa miongoni mwa hao wote.

Nyaraka tulizibeba mkononi. Vyeti vya shule, kadi ya chanjo, barua za waajiri, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikiwa na apostili, ule muhuri wa Mkataba wa Hague wa 1961 unaofanya hati ya nchi moja ipokelewe nyingine bila kuzungushwa ubalozini, mradi zote mbili zimo kwenye mkataba. Bahasha ile nililala nayo. Mengine ya wiki zile sita nayakumbuka vipande vipande, kama mtu aliyekuwa na homa: kufunga umeme, kufunga maji, kumaliza chakula kilichogandishwa, kuaga watu ambao tulikuwa tumeshawaaga.

Kisha, wiki kumi baadaye, ghala la forodha.

Mlikuwa na joto na harufu ya makaratasi yaliyokula unyevu wa bahari. Vitu vyetu vilikuwa vimepangwa sakafuni kwa namba, na nilipoviona hivyo, vyote kwa pamoja, vimefunikwa, nikaona haya, kana kwamba mtu ametutoa nje na nguo za kulalia. Wakala wetu wa forodha alikuwa kijana mwembamba aliyeniita bosi. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, rula mkononi. Aliishusha rula kwenye orodha mstari kwa mstari. Kiti. Kiti. Kiti, mkwaruzo. Mke wangu alisimama pembeni na mtoto begani, amelala, mdomo wazi.

Rula ikasimama.

"Mengineyo," akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. "Mengineyo ndiyo nini, baba?"

"Vitu vidogovidogo, mama."

"Vidogo vina majina. Fungua."

Wakala akakata utepe kwa ufunguo wa pikipiki yake. Yule mama akaisogeza karibu meza yetu, namba 31, ikiwa bado imevalishwa makaratasi, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu yake. Nikapewa karatasi nyeupe niandike: jina la kitu, idadi, hali, thamani.

Betri nne, hatujui kama ni nzima. Kamba ya kiatu, moja. Mshumaa wa keki wenye umbo la namba 2. "Utambi umeungua," akasema, "andika umetumika." Neno hilo alilipenda. Vifaa vya nyumbani vya mtu anayehamia hupita kwa unafuu kwa sababu vimetumika, na nadhani alikuwa ananisaidia kuliko nilivyoelewa wakati ule. Kwa hiyo nikaandika. Mkasi, umetumika. Kopo la kunolea penseli, limetumika. Kiberiti, kimetumika, na hapo akacheka kidogo kwa puani.

Akatoa bangili ya plastiki ya hospitali, nyembamba, duara lake halizidi kidole gumba cha mtu mzima. Akaiinua kwenye mwanga. Akasoma jina la mama, tarehe, saa. Akageuka akamtazama aliyelala begani. Akairudisha ndani ya boksi taratibu, tofauti na alivyovitoa vingine.

"Hiyo usiandike."

Kisha ufunguo.

"Hii?"

"Ufunguo, mama."

"Naona ni ufunguo. Wa nini?"

"Wa nyumba ya kule."

"Nyumba yako?"

"Ya kupanga. Tumeshairudisha."

"Na funguo mlirudisha?"

"Tulirudisha. Huu ni wa akiba, ulikuwa umesahaulika."

Akaugeuza mkononi. Ulikuwa ufunguo wa kawaida kabisa, wenye uzi mwekundu ambao sikumbuki nani aliufunga. "Basi haufungui kitu," akasema. Hakuwa anauliza. "Thamani?"

Kalamu ikabaki hewani. Nilikuwa nimeshaweka bei kwenye kamba ya kiatu bila kusita.

Akangoja, kisha akaichukua karatasi, akaandika sifuri yeye mwenyewe. Na bila kuinua macho, kwa sauti ileile ya kamba ya kiatu, akauliza: "Baba, umerudi kabisa?"

Niwe mkweli, swali lilikuwa la kikazi. Limo kwenye fomu. Unafuu wa ushuru ni wa mtu anayehamisha makazi, si wa anayekuja kutembea, na jibu ni ndiyo au hapana. Wakala, nyuma ya bega lake, alikuwa anaitikia kwa kichwa mpaka nikaogopa shingo itakatika. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisaini sehemu tatu.

Mfukoni nilikuwa na laini ya simu ya kule, bado hai, kwa sababu benki ilikuwa inatuma namba za siri humo. Benki yenyewe sikuifunga, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hajarudisha amana yetu. Barua za ofisi ya pensheni zilikuwa zinakwenda kwa jirani, kwa sababu ofisi ilitaka anwani. Kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri. Nimejaribu sana tangu siku ile kutafuta ambacho hakikuwa na sababu nzuri.

Mke wangu anasema sikunyamaza muda mrefu. Wakala aliniambia nje, "Bosi, nilidhani umezimia."

"Amerudi, mama," mke wangu akasema.

"Namuuliza yeye."

"Nimerudi," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu anayekiri kosa ili aachiwe aende nyumbani.

Akaandika. Akavirudisha vitu vyote ndani, ufunguo ukiwa wa mwisho, akalizungushia boksi utepe wa forodha, akagonga muhuri juu ya neno langu. Yaliyobaki hayakuchukua hata robo saa.

Nina rafiki ambaye yuko kwenye wiki zake za mwisho huko aliko, na kila siku ananitumia ujumbe wa sauti. Auze au apakie? Nimemwambia auze kila chenye waya. Sisi tulileta saa ya kitandani na transfoma lake, tukajiona wajanja; transfoma linashusha volti lakini haligusi mizunguko ya umeme, na saa ya aina ile huhesabu mizunguko. Kule ilikuwa 60 kwa sekunde, hapa ni 50. Kila saa moja inachelewa dakika kumi. Ameniuliza kodi: akiondoka katikati ya mwaka atahesabiwa mkazi wa wapi? Nikamwambia nchi nyingi huanza na siku 183, ila asihesabu siku tu, wataangalia pia nyumba iko wapi na familia iko wapi, amtafute mtu wa kodi kabla ya kukata tiketi. Namjibu kwa kujiamini, namsikia anaandika. Swali la yule mama hajaniuliza, nami sijamwambia kwamba lipo.

Binti yangu, chini ya meza, alitaka kujua namba nyingine ziko wapi. Nikamtembeza. Namba 3 tuliipata chini ya kiti. Namba 12 mgongoni mwa ile saa, ambayo ilikuwa inasema saa tisa na kidogo, wakati ilikuwa karibu magharibi. Juu ya kabati la chumbani akaona boksi lenye utepe wa forodha.

"Hilo ni la ngapi?"

"Arobaini na saba."

"Lina nini?"

"Mengineyo," nikasema, kisha nikajirekebisha. Nikamtajia betri, mkasi, mshumaa wa miaka miwili, bangili. Aliposikia bangili ni yake akataka tulishushe pale pale. Nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi imepita. Boksi liko juu ya kabati. Jana mama yake amemfumania barazani anambandikia paka stika ya njano mgongoni, iliyoandikwa 65. Paka wetu amezaliwa hapahapa, hajavuka mpaka wowote.