Nissan wa kompyuta, Nissan ya magari na domeni moja

Kila nikimsajilia mteja domeni (ile anwani ya tovuti, mfano jina.com) swali ni lile lile, eti jina langu likifanana na la kampuni kubwa si watakuja kuninyang'anya? Jibu langu huwa "inategemea" na hakuna mtu anayelipenda hilo jibu, hasa mtu ambaye ameshachapisha fulana na kupaka jina kwenye bajaji. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Turudi Desemba 1999. Mwezi huo zilifunguliwa kesi mbili kuhusu majina ya domeni, zimepishana siku nane tu, na ukizielewa hizo mbili umeshaelewa karibu mchezo wote.

Ya kwanza ilifunguliwa tarehe 2 kule WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki lililopo Geneva. Walalamikaji ni World Wrestling Federation, wale wa mieleka, kina Undertaker na The Rock tuliokuwa tunawaangalia kwenye mikanda ya video mpaka picha inakuwa chenga. Jamaa mmoja wa California alikuwa amesajili worldwrestlingfederation.com mwezi Oktoba, halafu siku tatu baadaye akawaandikia kwamba anawauzia kwa dola 1,000, na akawaongezea na ushauri kabisa kwamba wakienda mahakamani watatumia hela nyingi kuliko hiyo. Na kwa miaka ya nyuma ushauri huo ulikuwa wa kweli tupu, watu waliishi mjini kwa mchezo huo huo, unasajili jina la kampuni kabla hawajashtuka kuhusu intaneti halafu unakaa unasubiri simu. Ila huyu alichelewa. ICANN, ambao ndio wanaosimamia mfumo wa majina, walikuwa wamepitisha utaratibu mpya Agosti mwaka huo huo, unaitwa UDRP, na kesi ya mieleka ndiyo ikawa ya kwanza kabisa, namba yake D1999-0001. Tarehe 14 Januari 2000 uamuzi ukatoka, toa jina wape wenyewe. Wiki sita. Hakuna jaji, hakuna kizimba, hakuna aliyepanda ndege, ni makaratasi tu yanasomwa na mwamuzi mmoja.

Sasa watu wengi hapa wananiuliza, WIPO ananipatia wapi mimi wa Mbagala? Anakupatia kwenye mkataba. Siku unanunua .com kuna yale maandishi marefu unayoyashusha haraka haraka mpaka chini uweke tiki, humo ndani umekubali kwamba akitokea mtu analalamikia jina utaenda kwenye huo utaratibu. Haijalishi unaishi Dar, Muscat au Toronto, na haijalishi ulinunua kwa msajili wa wapi, kipengele hicho kipo.

Na mlalamikaji ana mambo matatu ya kuthibitisha, yote matatu kwa pamoja, sio mawili. Kwanza jina lako ni sawa au linafanana na alama yake ya biashara (jina au nembo inayotambulisha bidhaa zake) kiasi cha kuchanganya watu. Pili huna haki wala sababu halali ya kulitumia. Tatu ulilisajili kwa nia mbaya NA unalitumia kwa nia mbaya. Hilo la kwanza ndilo watu wanaloliogopa na kusema ukweli ndilo jepesi kuliko yote, ni kama mlango wa geti tu, wanaangalia alama ipo na herufi zinafanana, basi wanapita. Kesi yenyewe iko kwenye la pili na la tatu. Nia mbaya nayo imewekewa mifano: umesajili ili umuuzie mwenye alama kwa bei kubwa kuliko ulichotumia, au umzuie mwenye alama asilipate jina, wakati tabia yako ndiyo hiyo kwa majina mengi, au umvurugie biashara mshindani wako, au uvute wateja wake waje kwako wakidhani ni yeye. Jamaa wa mieleka alijikamatisha mwenyewe kwa barua pepe yake.

Halafu hawa hawa wa mieleka, hii huwa inanichekesha sana. Wameshinda kesi ya kwanza ya UDRP duniani, miaka miwili baadaye mahakama za Uingereza zikawabana kwa sababu ya herufi zao WWF, maana lile shirika la wanyamapori lenye panda lilikuwa na makubaliano nao ya mwaka 1994 kuhusu kupunguza matumizi ya hizo herufi, wao wakaendelea tu, mpaka kwenye tovuti ya wwf.com. Mei 2002 wakabadili jina wakawa WWE. Kwa hiyo ukiona mtoto anasema WWE na mzee anasema WWF ujue katikati hapo amepita panda.

Haya, kesi ya pili sasa. Tarehe 10 Desemba 1999, Nissan Motor wanamshtaki mtu anaitwa Uzi Nissan kwenye mahakama ya shirikisho California, wanataka dola milioni 10. Kwetu jina Nissan halihitaji maelezo, Wakenya ndio kabisa, kwao Nissan ikawa ni matatu ya abiria 14 hata kama mbele imeandikwa Toyota. Kwa hiyo ukisikia kuna mtu anaishikilia nissan.com unawaza moja kwa moja huyo tapeli.

Kumbe Nissan ni jina la baba yake. Jamaa ni mzaliwa wa Jerusalem, huko Nissan ni jina la mwezi na la ukoo pia, akahamia Marekani akawa anafanya biashara North Carolina. Tangu 1980 alikuwa akitumia jina lake kwenye biashara zake, alianza na gereji ya kutembea ya kutengeneza magari ya nje, 1987 akafungua kampuni ya kuagiza na kusafirisha bidhaa, 1991 akafungua Nissan Computer Corporation ya kuuza na kutengeneza kompyuta. Domeni ya nissan.com akaichukua 1994. Na ukumbuke kwamba wakati anaanza 1980, kampuni ya magari pale Marekani ilikuwa inauza magari yake kwa jina la Datsun, Nissan ilikuja kushika nafasi miaka ya themanini huko. Yaani huyu mtu hakumvizia mtu.

Ila na yeye akafanya kitu kilichompa adui silaha. Mwaka 1999 akaanza kuuza nafasi za matangazo kwenye tovuti yake, na baadhi ya matangazo yakawa ya mambo ya magari. Unaona hapo? Mtu anatafuta gari la Nissan, anaandika nissan.com, anakuta tangazo la magari, na huyu mwenye tovuti anaingiza hela. Kwenye hilo mahakama haikumhurumia, ikasema matangazo ya magari yanafaidika na watu waliochanganyikiwa, ya vitu vingine hapana. Baadaye akaamriwa pia asiitumie domeni kibiashara na asiweke hata maneno au linki za kuiponda kampuni. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaliondoa hilo la mwisho, ikasema kumkataza mtu kuisema vibaya kampuni ni kuingilia uhuru wake wa kujieleza, na suala la kama alikuwa ameidhoofisha alama ya kampuni likarudishwa mahakama ya chini. Mahakama Kuu ya Marekani 2005 ikakataa kuisikiliza. Vuta nikuvute mpaka 2007 ndio ikaisha, domeni ikabaki kwake. Uzi Nissan alifariki Julai 2020 kwa korona, akiwa bado analo jina, na kampuni ya magari Marekani hadi leo unaikuta nissanusa.com.

Wiki sita upande mmoja, miaka saba na zaidi upande mwingine, na zote mbili ukiangalia kwa macho tu ni "mtu ana domeni yenye jina la kampuni". Tofauti sio kufanana, hata kidogo, maana nissan.com inafanana na Nissan asilimia mia. Tofauti ni lini ulianza kulitumia hilo jina, kwa nini, na ushahidi uko wapi. Mimi nadhani (haya ni maoni yangu, wao hawakuniambia) hiyo kampuni kwenda mahakamani badala ya WIPO ilikuwa hesabu, kwa sababu sheria ya UDRP yenyewe inasema wazi kwamba ukiwa unajulikana kwa jina hilo, wewe au biashara yako, hata kama huna alama iliyosajiliwa, una haki nalo. Pale kampuni isingechomoka. Tena UDRP haitoi fidia, inachoweza kutoa ni kuhamisha jina au kulifuta, hiyo milioni 10 ungeiomba kwa nani.

Watu maarufu nao wamepita humo humo. Mwaka 2000 Julia Roberts alipewa juliaroberts.com kwa sababu aliyeishika alikuwa ameiweka mnada eBay na alikuwa na rundo la majina ya mastaa wengine. Mwaka huo huo Sting, mwanamuziki, akalalamikia sting.com akakosa. Neno lenyewe ni la kawaida kwenye Kiingereza, kila mtu anaweza kulitumia, na aliyekuwa nalo alisema ni jina lake la utani la mtandaoni miaka mingi, jopo halikuona nia mbaya. Ustaa peke yake hautoshi.

Kuna wajanja wanasema mimi nikisajili nikakaa kimya, sijaweka tovuti, sijauza, hawanipati maana hiyo "kutumia" haipo. Hiyo ilishajaribiwa mapema sana. Telstra ya Australia walilalamika dhidi ya mtu aliyejiita Nuclear Marshmallows, alikuwa ameshika telstra.org hana anachofanya nayo, jina la uongo, mawasiliano ya uongo. Februari 2000 mwamuzi akasema kukaa nayo hivyo ndiko kuitumia kwa nia mbaya, kwa sababu hakuna namna yoyote ya halali anayoweza kuifikiria kwa jina maarufu kiasi kile. Uamuzi huo bado unatajwa kila siku.

Tuje nyumbani. Wengi wanachanganya jina la biashara na alama ya biashara. Cheti cha jina la biashara cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara) sio alama, hiyo inaombwa kivyake, na ukiisajili Bara haikulindi Zanzibar, kule kuna ofisi yao. Mtu anaenda na cheti cha jina anadhani ana silaha ya kulalamikia domeni ya mtu. Lakini ukiwa unalalamikiwa wewe, cheti hicho hicho ni dhahabu, maana kinaonyesha tarehe. Kitunze, pamoja na leseni, risiti za zamani, picha ya bango la duka, hata kalenda uliyogawia wateja ikiwa na mwaka. Kwa domeni za .tz na za .ug WIPO nao wanazipokea, kwa hiyo usidhani ukitoka kwenye .com umejificha.

Ukipata barua ya wakili kutoka nje usijibu kwa hasira na usijibu kwa bei. Yaani narudia, USITAJE BEI. Nimeona watu wenye kesi nzuri kabisa wanajibu "nipeni dola elfu tano tumalize" na sentensi hiyo ndiyo inakuja kuwa kiambatisho namba moja kwenye malalamiko. Kesi ikishafunguliwa msajili anaifunga domeni, huwezi kuihamisha tena, na unapewa siku 20 za kujibu. Usipojibu mwamuzi anaendelea na upande mmoja, na ukimya wako haukusaidii kwenye lile swali la haki halali, nani atakusemea? Kujibu ni bure kama mwamuzi ni mmoja, ada analipa mlalamikaji, WIPO ni dola 1,500 kwa domeni moja hadi tano. Ukitaka waamuzi watatu ni 4,000 na kama wewe ndiye uliyewataka mnagawana. Ukishindwa kuna siku 10 za kazi kabla jina halijahamishwa, ukifungua kesi mahakamani ndani ya hizo siku utekelezaji unasimama.

Kinachonikera kwenye mfumo huu ni kimoja. Jopo likiona kampuni imeleta malalamiko ili kumpora mtu jina lake halali, wanaandika kwenye uamuzi kwamba ni matumizi mabaya ya utaratibu. Wanaandika tu. Hakuna faini, mtu aliyetafuta wakili kwa hela ya mkopo harudishiwi hata shilingi, na kampuni inaweza kurudi kesho kwa mtu mwingine. Wangeweka hata ile 1,500 iende kwa aliyesumbuliwa, mbona wangepunguza barua.