Siku moja kati ya shahidi na jaji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Feri ya Likoni imeshonana watu. Mimi ni karani wa mahakama hapa Mombasa, Kenya, na kazi yangu kubwa ni kutafsiri. Kesi za mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na kisheria lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mashahidi wetu wengi hawana Kiingereza hicho, kwa hivyo maneno yao hupitia kinywani mwangu kabla hayajamfika jaji. Naye huamua peke yake, kwani wazee wa baraza, raia waliokuwa wakikaa naye na kumpa maoni yao, waliondolewa mwaka 2007.

Saa mbili. Chai na mahamri mawili karibu na Fort Jesus, kisha kortini.

Saa tatu. Kesi za kutajwa tu. Tarehe, tarehe, tarehe.

Saa nne. Kesi yenyewe. (Nimebadilisha mambo kadhaa isitambulike.) Nyumba iliungua usiku, mwenyewe akafa kwa majeraha ya moto. Shahidi ni mama mkaanga samaki. Ameapa kwa Msahafu, akavuta pumzi, akasema kwa mkupuo: "Nilisikia harufu ya petroli, na nilisikia kuwa walikuwa wamegombana, na alionekana akitoka uchochoroni na mtungi."

Sentensi moja, na ndani yake mna mambo matatu yasiyolingana uzito. Harufu aliisikia kwa pua yake. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia, na aliyetambua kwa hisi nyingine aseme hivyo hivyo. Pua imo. Lakini ugomvi alisikia *kuwa* ulikuwepo. Angesema "nilisikia wakigombana", hayo yangekuwa masikio yake. Hilo "kuwa" linatwambia kuna mtu mwingine aliyemwambia, na mtu huyo hayupo kuulizwa maswali. Na "alionekana"? Na nani? Kiswahili chetu kinaruhusu kumficha mwonaji ndani ya kitenzi, na barazani tunafanya hivyo kutwa. Kwenye kesi ambayo adhabu yake yaweza kuwa kifo, hapana.

Mimi sina ruhusa ya kumrekebisha. Nikigeuza "alionekana" kuwa "nilimwona", nimemtengenezea mshtakiwa shahidi ambaye hakuwapo. Nikageuza kama lilivyo, mwonaji akiwa amefichwa vilevile. Wakili wa utetezi akasimama papo hapo.

"Mama, alionekana na nani?"

"Na watu."

"Wewe ulimwona?"

Amenyamaza kitambo. "Mimi nilikuwa nyuma, kwenye karai. Nilisikia harufu tu."

Naamini mama huyu ni mkweli tangu mwanzo hadi mwisho. Hakujua tu kwamba hapa watu hutenganisha alichokijua na alichokipokea.

Saa saba. Wali wa nazi na maharage. Kijana wa sheria aliyekuja mazoezini ameniuliza kama ushahidi wa kimazingira nao si uvumi tu. Nikamwambia hapana mwanangu, usivichanganye. Uvumi ni maneno ya mtu asiyekuwepo. Mazingira ni vitu vilivyothibitishwa kimoja kimoja: mtungi uliokutwa, kovu mkononi, harufu. Mtu aweza kutiwa hatiani kwa hayo bila shahidi wa macho. Lakini tangu kesi ya Kipkering arap Koske ya 1949, kanuni ni kwamba hayo yote yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasiwe na maelezo mengine ya kuingia akilini. Mwuza petroli naye hunuka petroli.

Saa nane na nusu. Kijana wa tuktuk aliyembeba marehemu hospitali. Maneno ya mtu aliyefariki kuhusu kilichomwua yanakubalika chini ya kifungu cha 33 cha Sheria ileile ya Ushahidi, ingawa mahakama huyapokea kwa hadhari na hupenda yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Kijana ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Aliniambia: fulani amenichoma."

Hapo nimesita. Kuchoma ni kwa moto. Kuchoma ni kwa kisu. Na vijana wetu husema mtu amekuchoma akikusaliti. Nikichagua neno moja la Kiingereza, nimemtolea marehemu maelezo ambayo hawezi kuja kuyasahihisha. Nikamwomba Mheshimiwa neno liandikwe kwa Kiswahili kama lilivyotamkwa, na shahidi aulizwe. Akakubali. Kijana akajibu kwamba yeye alielewa ni moto, maana ngozi ilikuwa inabaki kwenye kiti.

Mamake marehemu, mstari wa nyuma, alijifunika uso kwa mtandio.

Saa kumi. Kesi imeahirishwa hadi kesho saa tatu. Atakuja daktari aliyepasua maiti. Yeye atasema Kiingereza, na mimi nitageuza upande wa pili, kwa sababu Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya kesi.

Saa tatu usiku. Nimeketi na daftari natafuta maneno ya mapafu yaliyojaa masizi. Mamake marehemu atakuwa pale nyuma, na ataisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu.