Eleza imani ya mwenzako mpaka akubali

Leo binti mmoja katika kundi la vijana ninaokutana nao ameuliza swali ambalo sisi wakubwa huwa tunalikwepa. Tulikuwa tumemaliza kumsikiliza mgeni aliyezungumza, tena vizuri, kwamba dini zote zinafundisha amani. Binti akanyoosha mkono: "Kama zote zinafundisha amani, mbona watu wanauana huku wakilitaja jina la Mungu?" Mgeni akamjibu kwamba hao wanaitumia dini vibaya. Ni kweli. Lakini binti hakuridhika, na mimi sikuridhika.

Jioni nzima nimekuwa nikilitafakari. Naona kasoro iko katika namna tunavyowafundisha. Tunawakusanya vijana Waislamu, Wakristo na Wahindu ukumbini, tunawahutubia kuhusu upendo, tunapiga picha ya pamoja, kisha kila mmoja anaondoka na yaleyale aliyokuja nayo kichwani kuhusu wengine. Hawakuulizana chochote. Hawakufanya chochote pamoja. Walikaa jirani tu, wakasikiliza.

Kukaa jirani peke yake hakutoshi, na hilo lilionekana zamani. Kiangazi cha mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Walikuwa na umri wa miaka 11 hivi, wakagawanywa makundi mawili. Yalipoanza mashindano ya kugombea zawadi, uadui ukazuka: matusi, bendera kuchomwa moto, kuvamiana usiku. Watafiti wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha chakula pamoja na kuwaonyesha filamu pamoja. Haikusaidia, wakarushiana chakula. Walianza kulainika pale maji ya kambi yalipokatika na ikabidi makundi yote mawili yatafute tatizo liko wapi, na pale lori lilipogoma kuwaka wakalivuta wote kwa kamba.

Kinachonigusa zaidi katika habari hiyo ni kwamba wavulana wale wote walikuwa wa rangi moja, wa hali moja ya maisha, na wote Waprotestanti. Uadui haukuhitaji tofauti ya dini hata chembe. Ulihitaji "sisi", "wao", na kitu cha kugombea. Laiti ningelikumbuka hili wakati binti yule anauliza. Ningemwambia kwamba mara nyingi ugomvi huanzia kwenye ardhi, madaraka au hofu, kisha dini hubebeshwa bendera kwa sababu ndiyo inayoita watu wengi kwa haraka. Siyo jibu kamili, maana zipo chuki zinazohubiriwa waziwazi kwa jina la imani, na kijana akikuona unalificha hilo hatakuamini tena kwa jingine. Lakini lingempa mahali pa kuanzia kufikiri.

Mwaka huohuo wa 1954 mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, aliandika kwamba kukutana hupunguza chuki kukiwa na mambo manne: watu wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane badala ya kushindana, na wenye mamlaka waunge mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti zaidi ya 500 na kuona kwamba kwa kawaida kukutana hupunguza chuki hata mambo hayo yasipotimia yote, ila yakitimia hupunguza zaidi. Nikiipima mikutano yetu kwa vigezo hivyo, mingi haina hata lengo la pamoja.

Kwa hiyo nimekuwa nikiwapa vijana kazi moja ambayo naiamini kuliko hotuba yoyote. Kila mmoja anaandika maelezo mafupi ya imani ya mwenzake wa dini nyingine, na maelezo hayo hayapokelewi mpaka mwenye imani aseme: ndiyo, hivi ndivyo tunavyoamini. Inaonekana rahisi. Si rahisi kabisa. Mkristo anaandika kwamba Waislamu hawamtambui Yesu. Mwenzake anamrudishia karatasi na kumweleza kwamba Isa ni nabii kwao, na kwamba iko sura nzima ya Qur'ani yenye jina la mama yake, Maryam. Mwislamu anaandika kwamba Wakristo wana miungu watatu. Naye anarudishiwa, anaelezwa Utatu, anaandika upya, anarudishiwa tena. Kijana wa Kihindu analazimika kueleza taratibu sanamu ni nini katika ibada yake, baada ya kuisoma sentensi ambayo naiona imemuuma.

Wanapomaliza, tofauti bado zipo. Kusulubiwa kwa Yesu bado ni tofauti, na uungu wake pia. Siwaambii kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu si kitu kimoja, na wao wanajua. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanapingana na imani iliyopo kweli, siyo ile waliyosimuliwa. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na katika kazi hii unaona jinsi kujuana kunavyohitaji jasho.

Wazazi wengine wana hofu, na sitaki kuibeza. Wanahofia mtoto atapoteza dini yake. Hapo huwa nawasimulia habari za Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye wa Kaduna, Nigeria. Wote wawili walikuwa vijana katika makundi yaliyopigana kwa jina la dini. Katika mapigano ya mwaka 1992 Wuye alipoteza mkono wa kulia. Ashafa alipoteza ndugu zake wawili na mzee aliyekuwa mwalimu wake wa dini. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kulipiza kisasi. Walikutanishwa, wakaanza kufanya kazi pamoja mwaka 1995, na tangu hapo wamewafundisha vijana wengi, wakiwemo waliowahi kushika silaha. Mmoja bado ni imamu na mwingine bado ni mchungaji. Msamaha waliufikia kwa kuingia ndani zaidi ya dini zao wenyewe, hawakuzitupa. Nikifika hapo, mzazi aliyekuwa amekunja mikono huanza kuuliza maswali.

Ndiyo maana sharti la nne la Allport, la wenye mamlaka kuunga mkono, nalipa uzito mkubwa. Kijana anaweza kufurahi na mwenzake siku nzima, kisha akasikia neno moja la dharau kutoka mimbarini au altareni na yote yakabomoka. Kila mwaka wiki ya kwanza ya Februari huadhimishwa duniani kama Wiki ya Maelewano kati ya Dini, kwa azimio la Umoja wa Mataifa la 2010 lililotokana na pendekezo la Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan. Ni jambo jema. Ningependa zaidi viongozi wa dini waitumie kukaa darasani na vijana hawa na kurudishiwa karatasi kama wao.

Tena tunawazungumzia vijana kana kwamba wao ndio hatari yenyewe. Desemba 2015 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2250 linalotaka vijana washirikishwe katika maamuzi ya amani. Ukikaa nao utaona ni kwa nini. Wao ndio wanaoziona kwanza video fupi za wahubiri wanaotukana dini za wengine, wao ndio wanaojua zinasambaa katika kundi gani la simu na nani anazianzisha. Mimi huzipata zikiwa zimeshazunguka kote.

Kwa hiyo safari ijayo sitaita mgeni wa kuhutubia. Nimemwandikia imamu na padri ujumbe mmoja, kwa maneno yaleyale, nikiwaomba waje wote wawili, kila mmoja na kalamu, na kila mmoja aandike ukurasa kuhusu imani ya mwenzake huku vijana wakitazama. Padri ameshakubali. Imamu amesema ataleta jibu baada ya kushauriana na wazee wa msikiti, na nimemwambia nitakuja kuzungumza nao mwenyewe wakitaka.