Kana ikiwa nzito, kagua na bawaba za usukani

Wenye mashua za matanga wengi wanapenda kuongelea matanga, usukani unakumbukwa mashua ikishatolewa majini. Mimi naona ni kitu kimoja hivi, maana mzigo unaobebwa na zile bawaba na pini za chini ya maji unatoka juu, kwenye matanga.

Ukipanda na upepo, yaani ukienda kuelekea unakotoka, mashua nyingi zinataka kugeuza omo (pua ya mashua) kuuelekea upepo na wewe unazuia kwa kana, ule mti wa kushikia usukani. Kidogo ni kuzuri, usukani ukikaa nyuzi 3 mpaka 5 hivi unaisikia mashua vizuri mkononi. Lakini ukishaona unashika kwa mikono miwili na usukani umepinda nyuzi 10 na zaidi, hapo unaburuza breki tu na nguvu yote inapita kwenye pini mbili tatu, na nguvu hiyo inakua kwa mraba wa spidi, yaani spidi ikiongezeka mara mbili, mzigo unakuwa mara nne. Kwa hiyo legeza demani (kamba inayovuta tanga ndani) ya tanga kuu kidogo, kaza henza (kamba ya kupandishia tanga) tanga liwe bapa, upepo ukizidi anza kupunguza tanga kuu kabla ya la mbele. Na usiache mashua ilale sana, ikilala tanga linasukuma likiwa nje kabisa ya mstari wa mashua na omo itageuka tu hata ufanyeje. Kama umefanya yote hayo na kana bado nzito, angalia mlingoti usije ukawa umelalia nyuma mno.

Sasa chini ya maji. Bolti ikitikiswa na mzigo kila siku, silikoni iliyoziba tundu inaachia, maji ya chumvi yanaingia na yanakaa humo humo bila kubadilishwa. Stenlesi inalindwa na utando mwembamba sana wa kromu iliyoungana na oksijeni, sasa kwenye ufa wenye maji yaliyotuama oksijeni inaisha, utando haujirudishi na chuma kinaliwa mashimo mashimo. Stenlesi ya 316 inavumilia kuliko 304 kwa sababu ina molibdenamu, ila nayo haijanusurika. Kinachoniogopesha ni kwamba kichwa cha bolti kinabaki kinang'aa wakati shingo ndani imebaki nyembamba, ndo maana kukagua kwa macho tu siwezi kukuamini, chomoa hata bolti moja uione.

Halafu kuna ugomvi wa metali mbili. Bawaba ya shaba nyeusi (bronzi) ukiifunga na bolti za chuma cha kawaida, kwenye maji ya chumvi umeshatengeneza betri, na kile dhaifu ndo kinaliwa, tena haraka kikiwa kidogo na mwenzake mkubwa. Shaba ya njano isiyo ya kazi ya baharini usiiweke kabisa, zinki iliyo ndani yake inatoka, inabaki rangi ya waridi na inavunjika kama biskuti.

Ndo maana tunafunga kipande cha zinki, kiliwe chenyewe badala ya bawaba. Kisipakwe rangi, na kiguse chuma kweli, pima kwa mita ya umeme kati ya zinki na bawaba, ukipata zaidi ya omu 1 safisha maungio. Kikibaki nusu badilisha. Maji baridi ya ziwani zinki haifanyi kazi vizuri, wanatumia magnesiamu. Kama usukani wako ni wa alumini, rangi ya kuzuia viumbe yenye shaba isiuguse kabisa. Na zinki ikianza kuisha ghafla kuliko kawaida usikimbilie kununua kubwa zaidi, tafuta kwanza umeme unaovuja, hasa kama mashua imeunganishwa na umeme wa nchi kavu.