Toka kwenye fundo au katikati ya nati?

Mwaka 2017 nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na kila aliyekuja kununua mkaa kwa mama pale Morogoro alitaka kujua naenda chuo gani. Nikisema fizikia, wanauliza: "Fizikia ya ualimu au ya uhandisi?" Fizikia yenyewe ilikuwa kama ugali bila mboga. Mwaka huo TCU, tume ya vyuo vikuu, iliachana na mfumo wa kuomba vyuo kwa pamoja. Maombi yakawa ya chuo kimoja kimoja, kila chuo na ada yake, na hela yenyewe ya mkaa. Ilibidi kuchagua.

Mama alitaka Dodoma. "Wewe watu huwawezi, mwanangu. Nenda kwenye nafasi." Hakukosea. Shuleni nilikuwa nakula wa mwisho ili nikute bwalo tupu, na mfukoni nilitembea na uzi wa sentimita 25 wenye nati nchani. Ukiubembeza, kwenda na kurudi ni sekunde moja. Huo ndio uliokuwa rafiki yangu. Tulipokwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikakuta upepo, vilima, na ndaki zilizotawanyika, unatoka hii kwenda ile bila kusalimiana na mtu. Nikaona nimefika.

Mjomba akakataa. "Umeingia duka moja tu unataka kulipa?" Akanipandisha basi la Dar.

Njiani nikaning'iniza uzi kwenye kiti cha mbele, nikashika kipimapembe. Basi likikamata breki, nati inakwenda mbele. Tafuta tanjenti ya pembe ile, zidisha kwa g (mchapuko wa mvutano wa dunia), unajua breki imekaza kiasi gani. Mama aliyekaa upande wa pili aliniangalia mpaka Chalinze, ndipo akamnong'oneza mjomba: "Hiyo hirizi ni ya safari?" Mjomba, bila aibu, akasema ndiyo. "Basi asiitoe mpaka tufike."

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sikupapenda. Pale ukumbi wa Nkrumah watu walikuwa wamejaa, wanacheka kwa makundi, na mjomba ananisimulia hosteli mpya alizozindua Rais Magufuli Aprili ile, za wanafunzi 3,840. Alidhani ananivutia. Mimi nilikuwa nawahesabu hao 3,840 wakipanga foleni ya chai.

Idara ya Fizikia tulikuta ofisi zimefungwa, watu wamekwenda kula. Nikakaa kwenye ngazi, nikatoa uzi. Akapita mzee mmoja wa koti jeupe, fundi wa maabara, kashika soda na andazi. Akasimama.

"Urefu gani?"

"Sentimita 25. Shikamoo."

"Marahaba. Toka kwenye fundo, au toka katikati ya nati?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima mpaka kwenye fundo, siku zote. Na siku zote mibembeo 100 ilinipa sekunde 102 na ushee, nikawa nalaumu simu.

"Kwenye fundo," nikasema.

"Ndiyo maana inakuchelewa," akasema, wala sikuwa nimemwambia kwamba inachelewa. Akaketi ngazi ya chini yangu, akakata andazi akanipa nusu, tukakaa kimya kama dakika kumi tunaangalia nati. Hakuniuliza jina wala fizikia nitaifanyia nini. Alipomaliza soda akaondoka zake.

Dodoma hakuna aliyenisumbua. Lakini hakuna aliyeuona uzi pia.

Stendi ya Ubungo, tukisubiri basi la kurudi, nilifungua fundo, nikafupisha uzi kwa nusu ya upana wa nati, nikafunga tena.

"Kwa hiyo Dodoma?" mjomba akauliza.

"Nishikie simu, anko. Hesabu sekunde."

Akahesabu kwa sauti, wapiga debe wanatupita huku na huku. Mibembeo 100, sekunde 100 na kitu kidogo.

"Mlimani," nikamwambia.

"Kelele je?"

"Rudia kuhesabu, hiyo ya kwanza umeanza umechelewa."