Jinsi nilivyobadilishiwa simu iliyokuwa yajibonyeza yenyewe

Simu nilinunua Mombasa mpya kabisa, siku ya tisa niko hapa Lamu skrini ikaanza kujibonyeza yenyewe, yafungua kamera, yapigia watu saa nane usiku. Nikaifuta yote nikaanza upya, bado, hapo nikajua si programu, ni skrini. Kumpigia muuzaji, ati nyinyi watu wa kisiwani mwaziingiza maji ya chumvi halafu mwaja kulalamika. Iliniuma kweli.

Basi nikatoa kitreya cha laini nikamulika ndani na tochi, mna kijistika kidogo cheupe, kikiguswa na maji chageuka chekundu, changu cheupe pepepe! Nikakipiga picha, nikarekodi video skrini ikirukaruka bila kuguswa, nikapiga *#06# kuona IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, ni ile ile ya kwenye boksi na risiti (boksi usitupe ndugu yangu, hata nyumba iwe ndogo vipi). Boti hadi Mokowe, basi mpaka Mombasa, nikamuekea vyote mezani. Akakitazama kile kijistika muda mrefu, akaingia stoo, akatoka na simu nyengine. Nikaijaribu pale pale nusu saa nzima ndio nikaondoka.