Siku moja maishani mwangu: napiga ultrasaundi kliniki ya uzazi

Saa 1:30 asubuhi. Nawasha mashine, nasafisha vifaa vyote vinavyogusa mwili wa mgonjwa, natandika kitanda, nasoma orodha. Leo ni zamu ya wanaotafuta mtoto, na karatasi nyingi zimeandikwa herufi nne na alama ya kuuliza: PCOS? Ni hali ya homoni inayovuruga kupevuka kwa mayai, na mara nyingi ovari huonekana zimejaa vifuko vidogo. Hiyo alama ya kuuliza ndiyo kazi yangu. Watu hudhani napaka jeli, nabonyeza picha, naita mwingine. Kuhesabu vifuko vya mayai ndani ya ovari kunataka mkono uliotulia. Unapita taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, unapima urefu, upana na kina, unarudia upande wa pili, na huku mwenye mwili anakutazama usoni kusoma hukumu yake.

Saa 2 hadi saa 4 zilikwenda vizuri. Katikati aliletwa binti wa miaka 15 ambaye hedhi yake inaruka miezi, mama yake akitaka picha. Nilizungumza na daktari, kipimo kikaachwa. Ndani ya miaka 8 tangu msichana avunje ungo, ovari zenye vifuko vingi ni jambo la kawaida kabisa, na picha ingempachika ugonjwa ambao pengine hana. Mama hakufurahi. Bado naamini tulimtendea haki binti yake.

Saa 4:20 waliingia mume na mke. Mume ndiye aliyeshika faili. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kutoka kituo kingine iliyosema ovari zote mbili zina vimbe vingi, na mtu fulani alikuwa amewaambia vitolewe kwa upasuaji ndipo mimba iingie.

"Sista, tuhesabie viko vingapi," akasema.

Nikamwuliza mke hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Mume akajibu. Nikauliza kama huwa anapata nywele kidevuni au chunusi nyingi. Mume akajibu tena. "Kaka, naomba dada ajibu mwenyewe," nikamwambia, na nilijizuia nisipandishe sauti. Mke akasema hakumbuki vizuri, ni miezi mingi sasa.

Kwenye kioo ovari zilikuwa kubwa, na vifuko vidogo vyeusi vimejipanga ukingoni kama shanga. Lakini kilichonisimamisha ni utando wa ndani wa mji wa mimba: ulikuwa mnene kupita kiasi. Hili huwa halisemwi, kwa sababu kila mtu anazungumzia mtoto tu. Yai lisipopevuka, homoni ya projesteroni haitoki, utando unaendelea kujijenga bila kumwagika, na ukiachwa hivyo kwa muda mrefu hatari ya saratani ya utando huo inaongezeka. Hata asiyetaka kuzaa anapaswa kutibiwa ili apate hedhi.

Kutamka ugonjwa ni kazi ya daktari, nami siivuki mipaka yangu. Ila niliwaeleza wanachokiona. Hivyo si vimbe vya kukata. Kila kifuko kina yai changa lililoanza kukua likaishia njiani. Wengi wenye hali hii mwili wao hauitikii insulini vizuri, kongosho linamwaga zaidi, na insulini hiyo nyingi inazisukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Kuvitoa vifuko hakugusi chanzo hicho.

"Kwa hiyo mayai yapo?" mke akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza bila kuulizwa.

"Yapo, dada. Mengi."

Mume akarudi pale pale: kwa hiyo tatizo ni lake, niandike hivyo. Nikamwambia picha hii haiwezi kusema hayo, na kwamba daktari atataka na yeye apime mbegu. Akakasirika. Alisema amelipia kipimo cha mke, hakuja kuchunguzwa yeye. Foleni nje ilianza kugonga mlango. Nikaeleza tena, akapinga tena, hadi nikamwita daktari naye akaanza upya kutoka mwanzo. Sikumchukia yule mume. Nilichoka naye, na nilimwonea uchungu mkewe aliyelala pale amejifunika shuka wakati wanaume wawili wakijadili tumbo lake.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Bega la kulia lilikuwa linawaka, kama linavyowaka kwa wengi wa fani hii, maana mkono unakaa umenyooshwa siku nzima. Alikuja dada mwembamba aliyekuwa ameambiwa mara nyingi kwamba PCOS ni ya wanene. Si kweli. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu hedhi inaweza kurudi, lakini wembamba pia wanaipata, na kwa sababu hiyo wanachelewa kugunduliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria hali hii inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Wengine walikuja na ovari za aina ile ile na hedhi isiyokosa mwezi wala dalili yoyote. Hao nao nawaandikia nilichoona tu, kwa sababu ugonjwa unahitaji dalili mbili kati ya tatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari kuonekana hivi.

Nilikuwa naandika ripoti jioni alipofika mmoja aliyechelewa usafiri. Anatumia letrozoli, dawa ambayo siku hizi ndiyo wengi huanzishiwa ili yai lipevuke, na leo ilikuwa siku ya kuangalia kama imeitika. Ningeweza kumwambia aje kesho. Nikampandisha kitandani. Ovari ya kushoto, vidogo, vidogo, kisha kimoja kipana cheusi. Nikapima mara mbili: milimita 19, ukubwa wa kifuko chenye yai linalokaribia kutoka. Nikamgeuzia kioo akione, nikampigia daktari pale pale kabla hajaondoka, maana siku za kujaribu ni hizi mbili tatu tu.